Utepe wa Doña Amalia na Vijiti vya Kabatini

Mama mkwe wangu, Doña Amalia Gareis, hajawahi kukosea tangu azaliwe. Muulize mwenyewe, atakwambia. Ana miaka sabini na minne, magoti mabovu, na macho yanayoona vizuri vile vitu tu ambavyo ungependa asivione. Nimekaa naye chini ya paa moja miaka kumi na mitatu. Nampenda, lakini kuna siku ningemfungia kwenye banda la kuku na ufunguo nikautupa mtoni.

Hapa San Lino hakuna nyumba ambayo hajaitibu tumbo. Anatibu empacho, yaani kuvimbiwa: chakula kinapoganda tumboni, kikakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Dawa yake ni utepe mwekundu aliourithi kwa mama yake, umechakaa hadi umekuwa rangi ya tofali. Mgonjwa anasimama mbele yake, anashikilia ncha moja kwenye chembe cha moyo. Doña Amalia anashika ncha ya pili, anaupima utepe kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya vidole, mara tatu, huku akinong'ona maneno usiyoyasikia. Kipimo cha tatu kikiishia tumboni, huna kitu, nenda kacheze. Kikiishia kifuani, umevimbiwa. Kikifika kooni, umevimbiwa vibaya, na atapima tena na tena mpaka kishuke.

Halipwi. Wala hashukuriwi, na hili usilifanyie mzaha. Mke wa msimamizi wetu wa kiwandani alimleta mtoto wake, mtoto akapona palepale, mama wa watu akasahau, akasema mlangoni, "Asante sana, Doña Amalia." Akarudishwa ndani kama aliyeiba.

"Umeiharibu dawa," mama mkwe alimwambia. "Simama hapo tuanze upya. Na safari hii ufunge mdomo."

Na ile dawa haifundishwi ovyo. Maneno yake hutolewa Ijumaa Kuu tu, siku nyingine yoyote hayakai mkononi. Kila mwaka siku hiyo ananiita nijifunze, na kila mwaka nakataa. Mimi ni mkata mabawa kwenye kiwanda cha kuku. Nasimama kwenye baridi kwa saa nane, kuku wananipita wakining'inia, na nikitoka vidole vyangu havijui tofauti ya kisu na kijiko. Nimwambie nini?

"Mama, hii mikono ni ya kuku, si ya dawa."

"Utanikumbuka, Zulma."

"Nitakukumbuka nikikosa usingizi kwa kukoroma kwako."

Basi tuliishi hivyo, kwa maneno na vicheko, hadi binti yangu Ludmila alipofika miaka tisa akapata kisukari. Si kile cha wazee. Ni kile kinachokuja kama mwizi, mwili ukaacha kabisa kutengeneza insulini, na mtoto akawa wa kuchoma sindano mara nne kwa siku mpaka mwisho wa maisha yake. Daktari alinikalisha akanieleza mambo mengi, lakini moja alilirudia mpaka nikaliota. Mwili usipopata insulini hauwezi kuichoma sukari, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Moshi wa moto huo unaitwa ketoni, na ukijaa, damu inageuka sumu. Kwa hiyo mtoto akitapika, akipata homa, hata kama hajala punje, insulini haiachwi, na damu ipimwe ketoni. Chini ya sifuri nukta sita, salama. Ikifika moja nukta tano, hatari, fuata karatasi ya daktari. Ikifika tatu, usifuate karatasi yoyote, kimbia hospitali.

Rahisi, sivyo? Sasa nenda katafute vijiti vya kupimia, vile vinavyochomekwa kwenye kimashine cha damu.

Bima ya wafanyakazi inatoa vijiti vya sukari. Vya ketoni haitoi, au inatoa, inategemea nani amekaa dirishani na ameamkaje. Niliwahi kusimama mbele ya lile dirisha nikiwa nimetoka zamu, nanuka kuku, na dada wa ndani akaniambia bila kuinua uso:

"Mama, si ulishapewa vijiti mwezi huu?"

"Vile vya sukari. Naomba vya ketoni."

"Mashine si ileile moja?"

"Mashine moja, vijiti mbalimbali."

"Basi tumia vile ulivyonavyo."

Niliondoka. Mwanamke mwenye kalamu na muhuri, na hajui tofauti, na hataki kuijua.

Miaka miwili ikapita hivyo, na Novemba moja nilibakiwa na vijiti viwili. Viwili tu, kila kimoja kwenye karatasi yake ya fedha. Nikaviweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo hatuvitumii kwa kuogopa kuvivunja. Kisha nikatangaza mezani, mbele ya mume wangu Rubén, mbele ya mtoto, mbele ya mama mkwe: vijiti vile asiviguse mtu bila mimi. Niliinua na kidole. Nakikumbuka vizuri kidole kile.

Ilikuwa Jumatano. Nilitoka nyumbani kukiwa giza kuwahi zamu. Saa kumi na mbili na nusu Ludmila aliamka akatapika. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, anajua mambo yake, akapima sukari, ikasoma mia mbili sitini, juu mno. Akanipigia simu. Akanipigia tena. Mara nne. Simu yangu ilikuwa kwenye kabati la chumba cha kubadilishia nguo, imefungwa kwa kufuli, maana kiwandani simu ni marufuku, kana kwamba kuku watapiga simu polisi. Rubén alikuwa njiani na lori kuelekea Rosario. Akabaki bibi.

Nilisimuliwa baadaye. Doña Amalia alitoka jikoni na utepe wake shingoni, akamsimamisha mtoto, akapima. Kipimo cha tatu kikafika kooni.

"Umekula nini jana, wewe?"

"Mikate miwili ya nyama, bibi."

"Mitatu. Nilihesabu. Ndiyo hiyo imeganda."

Akamtibu mara tatu, akampikia majani ya paico ya kutuliza tumbo anywe, akamlaza.

"Bibi, nichome sindano?"

"Uchome ya nini, na hujala kitu? Unataka sukari ikuishie uzimie? Lala."

Mtoto akalala. Mtoto akiwa mzima hunibishia mimi mpaka mishipa ya shingo inatoka, lakini akiumwa na bibi akasema lala, analala.

Nilifika nyumbani saa nane na nusu mchana. Nilimsikia kabla sijamwona: anahema kwa nguvu na kwa kina, kama aliyekimbizwa, na yuko kitandani. Chumba kilinuka tufaha zilizoozea sandukuni. Midomo imekauka. Nikamwita, akafumbua macho, akanitazama kama mgeni. Nilikwenda kwenye kabati la vyombo, nikavunja kikombe kimoja cha dhahabu, nikachana ile karatasi ya fedha kwa meno, nikamtoboa kidole.

Tano nukta nane.

Jirani alitupeleka na gari lake la maziwa. Sikumbuki barabara. Nakumbuka nilikuwa nimembeba, ameanza kuwa mrefu, miguu yake inagonga mlango, na nilikuwa bado nimevaa buti nyeupe za kiwandani. Alilala wodi ya mahututi siku tatu, dripu mkono huu na mkono huu. Daktari aliniambia tungechelewa hadi jioni asingekuwa na la kufanya. Aliniambia taratibu, na mimi nilitamani apige kelele.

Siku ya nne tulirudi. Nilingoja mtoto alale, nikaingia jikoni. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi.

"Mama, mtoto katapika tangu alfajiri. Saa nane nzima! Hukuweza kupiga simu ofisini kwetu ukasema niitwe?"

"Nilimtibu."

"Umemtibu! Ulimpima kwa kitambaa! Na sindano ukamkataza, mimi nimesema mara ngapi kwamba haiachwi?"

"Hakuwa amekula."

"Hata kama hajala! Na vijiti vilikuwa palepale, hatua nne kutoka ulipokuwa umesimama! Ungepima tu, ungeona!"

Aliweka kisu chini.

"Wewe ndiye uliyesema visiguswe," akasema.

Nilikwenda uani nikasimama kwenye kamba ya nguo, nikalia kwa hasira, na mbaya zaidi sikujua ni hasira ya nani. Ya bibi. Ya kiwanda. Ya dada wa dirishani aliyenifanya nitunze vijiti viwili kama dhahabu. Yangu mimi na kidole changu. Kitu cha kumwokoa mtoto nilikifungia kabatini na vikombe visivyotumika.

Nikaapa mambo mawili: vijiti vitapatikana, na yule mama atajifunza mashine apende asipende.

La kwanza lilinichukua miezi miwili. Nilikwenda dirishani na barua ya daktari, wakasema haina muhuri. Nikarudi na muhuri, wakasema muhuri ni wa hospitali, wanataka wa daktari mwenyewe. Nikarudi na wa daktari, yule dada alikuwa likizo, na mwenzake akasema fomu zimebadilika. Mwisho nilimpeleka Ludmila mwenyewe, nikamkalisha kwenye kaunta yao kama kifurushi, nikasema sitaondoka. Januari nikapata sanduku la vijiti kumi. Safari hii sikuviweka kabatini. Niliviweka mezani, katikati, karibu na chumvi.

La pili, mama yangu! Desemba nilimwita aje nimfundishe, akasema mikono yake ina unga. Januari alisema joto limezidi, kichwa hakishiki kitu. Februari miwani. Nikampelekea miwani, akasema ile ni ya kusomea sala. Nikaandika maagizo yote kwa herufi kubwa kama za matangazo, nikabandika mlangoni pa friji. Asubuhi yake nikakuta kalenda ya parokia imetundikwa juu yake.

"Mama, umeifunika karatasi yangu."

"Kalenda ilikuwa haina mahali."

"Nyumba nzima?"

"Zulma, si sasa."

"Basi lini? Mtoto akishakufa?"

Akachukua mrija wake wa chai ya yerba akaenda kukaa barazani, mgongo kwangu. Nilimwambia Rubén achague, mama yake ahamie kwa dada yake au mimi niache kazi. Rubén akasema mama yake ni mzee nimwonee huruma. Mwanamume akikosa la kusema husema hivyo. Nilikuwa nakwenda kazini kila siku hivyohivyo. Nakata bawa, nasikiliza mlango. Nakata bawa, nasikiliza mlango. Na nilijua kabisa kwamba ikitokea tena, yule mtoto atalala atakapoambiwa lala.

Ikafika Ijumaa Kuu. Kiwanda kimefungwa. Nilikuwa najimiminia maji ya moto nikamwona anaingia jikoni. Amevaa gauni lake jeusi la kanisani. Hajala kitu tangu jana yake. Ameondoa aproni, na mikono ameisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka imekuwa myekundu. Nikajua, ni yaleyale, anakuja na utepe wake.

"Mama, usianze leo. Sijifunzi. Sitaki."

"Nani amekuambia ujifunze?" Akavuta kiti akakaa wima. "Leta hicho kimashine chako. Nifundishe."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Leo?"

"Leo ni Ijumaa Kuu, au kalenda yangu nayo umeitupa?"

Hapo ndipo nikaelewa, na damu ikanipanda kichwani. "Miezi mitano, mama! Miezi mitano nakuomba, silali, na wewe ulikuwa unangojea Ijumaa Kuu?"

"Ulikuwa unaniomba siku zisizo zake. Ungenifundisha Desemba, ingekaa mkononi mpaka Januari, basi. Cha mtoto huyu nilitaka kikae."

"Na kama angeumwa katikati?"

Nikaona kidevu chake kinatetemeka, kitu ambacho sijawahi kukiona, hata siku tuliyomzika mumewe. "Ndiyo maana nilikuwa siendi kanisani wala kwa dada yangu," akasema. "Nilikuwa namlinda kwa macho. Usiku naingia kumnusa mdomo."

Nilitaka kumpigia kelele, na nilitaka kumshika mikono ile myekundu. Sikufanya lolote. Nikaleta mashine.

Alijifunza haraka, nikachukia zaidi. Kuchana karatasi, kuchomeka kijiti, kutoboa pembeni mwa kidole, si katikati. Akataka kujaribu mwenyewe, akajitoboa bila kupepesa. Kijiti kimoja cha sanduku langu la taabu kikaishia kwenye damu ya bibi mzima kama jiwe. Nikauma ulimi.

"Sasa nipe maneno yake," akasema.

"Haina maneno, mama. Ni mashine."

"Kila dawa ina maneno."

Nikafikiri kidogo. "Chini ya sifuri nukta sita, salama," nikamwambia. "Moja nukta tano, karatasi. Tatu, hospitali. Hajala, achome tu."

Akafumba macho, akayanong'ona. Mara tatu, midomo ikicheza, kwa sauti ileile ya utepe. Ludmila alikuwa mlangoni amejiziba mdomo asicheke.

Julai, kwenye baridi kali, nilikuwa kwenye mstari nikakata bawa la mia ngapi sijui, msimamizi akaja mbio na sikio jekundu.

"Zulma, nenda ofisini. Mama mkwe wako yuko kwenye simu. Amesema nisipokuita sasa hivi, wanangu wakivimbiwa tusiende kwake mpaka wazeeke."

Nikaishika ile simu kwa glavu zenye damu.

"Mama! Kuna nini?"

"Usipige kelele, nasikia. Mtoto ana homa, katapika mara mbili. Nimepima. Moja nukta tisa."

"Moja nukta tisa," nikarudia kama mjinga.

"Nimeishusha ile kalenda. Nimesoma karatasi mara tatu, na yeye kasoma. Kajichoma ya kawaida na ile ya kuongeza. Anakunywa maji, namhesabia. Saa nne napima tena. Ikipanda, jirani ameshawasha gari."

"Na utepe?"

"Utepe baadaye. Una haraka gani?"

Nilifika kwa baiskeli, pua haina hisia. Nilimkuta Ludmila ameegemea mito, analalamika kwamba bibi anamnywesha maji kama ng'ombe. Saa nne ilikuwa imesoma moja nukta mbili. Saa sita, sifuri nukta nane. Saa nane mchana, karibu na saa ile ambayo mwaka uliopita nilivunja kikombe, Doña Amalia alimtoboa kidole, akasogeza mashine dirishani kwenye mwanga, akasoma kwa sauti ya padri: "Sifuri nukta nne."

Kisha akautoa utepe mfukoni, akamsimamisha mtoto, akapima. Ulifika kifuani. Akatibu mpaka ukashuka. Mimi nilimwacha amalize kazi yake.

Alipokuwa anaukunja, nilimsogelea. Niliwaza habari ya miezi mitano, na ya kidole changu, na ya mwanamke mzee anayeingia gizani kunusa pumzi ya mtoto. "Mama," nikasema, "as—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake kinachonuka sabuni ya kufulia.

"Usithubutu," akasema. "Utaiharibu."

Nikalimeza neno langu. Ninalo hadi leo, limenikaa hapa, kwenye chembe cha moyo.